Kichaa wa Nani?

Kyela mtu akianza kuongea peke yake usiku, jina la kwanza analopewa ni malaria. "Imempanda kichwani," mama yake atawaambia majirani, na majirani watakubali bila kuhoji, kwa sababu hapa malaria si hadithi ya kutungwa. Bonde letu, kando ya Ziwa Nyasa, liko chini, mita 500 hivi tu kutoka usawa wa bahari, mvua yake inazidi milimita 2000 kwa mwaka, na majaruba ya mpunga yanatunza maji na mbu kwa miezi mingi. Kila ukoo una mtu aliyewahi kuweweseka kwa homa, akavua shati, akataka kwenda ziwani usiku wa manane, akashikwa na wanaume watatu mpaka dripu ikafanya kazi yake. Wiki mbili baadaye yuko shambani, watoto wanamwigiza alivyokuwa akipiga kelele, naye anacheka pamoja nao.

Sasa chukua maneno yaleyale, shati lilelile lililovuliwa, lakini mwili uwe wa baridi na kipimo kisome hasi. Mwezi wa kwanza bado ni malaria, "ile ya ndani, haionekani kwenye kipimo". Watu wanaleta ndizi, wanakaa na mgonjwa, wanasema ndaga ya Kinyakyusa na kuondoka. Mwezi wa pili wanaokuja wamepungua. Mwezi wa tatu kuna mtu, na mara nyingi si mtu mbaya, atalitamka neno lenyewe kilabuni au bombani, na likishatamkwa halirudi. Fulani ni kichaa.

Tumezoea kuambiwa kwamba unyanyapaa unatokana na ujinga, na kwamba ukiwaelimisha watu utakwisha. Mimi sikubaliani, walau si kwa upande huu wa ziwa. Watu wa Kyela, Ipinda na Matema wanaujua wazimu vizuri sana. Wameulaza ndani ya nyumba zao, wameukimbiza kwenye majaruba usiku, wameupandisha basi la Mbeya ukiwa umefungwa kanga mikononi. Nikisikiliza majina wanayoupa, sisikii ujinga. Nasikia watu wanaogawana gharama. Kila jina linamtaja mtu wa kulipa, na kila jina linamfungulia mtu mwingine mlango wa kuondoka.

Malaria hailipiwi na mtu. Ni mbu, na mbu hana ukoo. "Alisoma sana, vitabu vikamzidi" ni jina la heshima kidogo, hutolewa kwa kijana aliyerudi kutoka chuo kabla ya wakati, na wazazi hulikumbatia kwa sababu lina sifa ndani yake. "Ni bangi tu" hutupa hesabu yote kwa mgonjwa mwenyewe: alijitakia, alale alipojitandikia. Hata yule ambaye hajawahi kushika msokoto ataitwa mvuta bangi, mradi awe kijana na awe wa kiume. Wapo walioharibikiwa kweli kwa bangi, na kwa pombe kali za vifuko zilizopigwa marufuku mwaka 2017 ndiyo kabisa. Lakini jina la bangi lina faida nyingine: ukishalitaja, huna deni.

"Amerogwa" lina hatari kubwa zaidi, maana linamtafuta mtu wa tatu. Atakuwa shangazi, atakuwa mke wa kaka, atakuwa jirani ambaye kakao yake imeshika vizuri mwaka ambao ya wengine imeoza. Ugonjwa wa mtu mmoja unageuka kuwa kesi ya kijiji, na mgonjwa anasahaulika akiwa bado amelala kwenye mkeka. Kisha kuna jina ambalo halisemwi kwa sauti: "Ni ya kwao." Hilo linalipiwa na mabinti. Posa ikija, wazee wa upande wa pili hutuma mtu kuulizia ukoo, naye haulizi juu ya mali. Anauliza kama kuna kifafa, kama kuna wazimu. Dada mtu mwenye akili timamu, mwenye cherehani yake na wateja wake, anakaa nyumbani mpaka miaka inamtupa, kwa sababu kaka yake aliwahi kuonekana barabarani bila nguo. Na akiolewa, akajifungua, akapatwa na ule wazimu unaowajia wanawake wengine siku chache baada ya uzazi, ambao hutibika na wengi hupona, utasikia ng'ombe wanahesabiwa upya: mlituletea mtu mgonjwa. Anarudishwa kwao na mtoto mchanga mgongoni.

Mjini majina ni ya kuchekesha zaidi. Nati zimelegea, fyuzi imeungua, waya zimegusana, mtandao umekata. Tunacheka wote, nami nimecheka. Ila angalia kwamba kitu chenye nati na fyuzi kina mwenyewe, na hakiulizwi maoni yake.

Karibu na stendi ya Kyela kuna mabanda ya mama ntilie, na kwenye mabanda hayo kuna mwanamume mmoja anayechota maji. Anabeba madumu mawili ya lita 20, moja kila mkono, tangu bomba linapofunguliwa asubuhi mpaka wali wa mchana unapoiva. Kijana wa toroli anayefanya kazi hiyohiyo analipwa kwa dumu. Huyu analipwa kwa sahani: wali, maharage, siku nyingine kipande cha samaki. Sahani yenyewe ni yake peke yake, ya bati, ina shimo dogo la kutu ukingoni, huoshwa mwisho na kufunikwa mbali na nyingine. Nilimuuliza mama mwenye banda kwa nini hampi hela. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hela ataipeleka wapi, mwanangu? Huyu hajui hela."

Siku nyingine nilimkuta dukani, yeye mbele, mimi nyuma. Alinunua sigara mbili na kiberiti. Muuzaji akamrudishia chenji kidogo kuliko alivyostahili. Yule bwana hakusema neno. Aliweka kiganja wazi juu ya kaunta, chenji yote ikiwa imepangwa juu yake, akakaa hivyo. Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika. Muuzaji akajifanya anapanga sabuni, kisha akaongeza sarafu ya mia mbili. Kiganja kikafungwa.

Kwa hiyo hela anaijua. Kinachotokea pale bandani ni kwamba neno kichaa limempunguzia mtu ujira, na ambaye halipi haoni kama amedhulumu, anaona amesaidia. Mama mwenye banda simsemi kama mtu katili. Huenda bila sahani yake yule bwana angelala njaa, na wengi wanaomhurumia hawajawahi kumpa hata kikombe cha uji. Lakini huruma ya mama huyu na faida yake zimekaa kwenye sahani moja, na ni vigumu kumwambia azitenganishe wakati biashara yenyewe ni ya kubangaiza.

Kwenye mashamba hesabu ni kubwa kuliko madumu ya maji. Kyela, kama sehemu za Rungwe na Busokelo, inaishi kwa kakao. Mkakao si mpunga. Ukishapandwa na kushika, unazaa mwaka hadi mwaka, mwenye shamba awe mzima au mgonjwa. Mtu akipewa jina, shamba lake linapata msimamizi. Kaka anavuna, anavundika mbegu, anaanika, anapeleka chama cha msingi cha ushirika, kakao inaingia ghalani na kusubiri mnada wa stakabadhi. Daftarini linaandikwa jina la nani? Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipovuka dola 10,000 kwa tani, swali hilo liliacha kuwa dogo. Bonde zima liliona nyumba zikiezekwa upya na bodaboda mpya zikilia barabarani, na humo humo kuna watu wenye mikakao yao ambao walishona matambara yaleyale. Nimekuwa nikisikiliza familia moja ambayo sitaitaja. Wakati wa kupogoa, mgonjwa wao ni mzima; anaamshwa alfajiri, anapewa panga, na anaelekezwa matawi ya kupunguza. Wakati wa malipo, ni mgonjwa.

Haki inataka niseme pia upande wa kaka. Huyu kaka ndiye aliyeamka usiku miaka kadhaa kumtafuta ndugu yake kwenye matete ya mto. Ndiye aliyelipa vyombo vya jirani vilivyovunjwa, chandarua kilichochanwa, nauli za Mbeya. Mtaani wanamwita "ndugu wa yule kichaa", na yeye pia amepoteza jina lake. Familia zinazomfunga mtu kamba kwenye nguzo ya nyumba, nazo zipo, hazijaamka siku moja zikaamua kuwa watesaji. Zinajua kitakachotokea mtu wao akiingia usiku kwenye ua wa watu wasiomfahamu na mtu akapiga kelele ya mwizi. Kamba inamuumiza kifundo cha mguu. Kundi la watu lingemmaliza. Anayetaka kuikata kamba hiyo aje na kitu cha kuweka mahali pake, la sivyo ataambiwa achukue mgonjwa aende naye.

Wahenga walisema mwana akinyea kiganja hakikatwi. Hawakusema kitaoshwa na nani, wala mara ngapi.

Haya mambo ya nani analipia wazimu ni ya zamani hapa, na yameandikwa. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, kabila la hapa kwetu, kwa utafiti, wakisaidiwa na karani wao Leonard Mwaisumo, ambaye kwa maoni yangu anastahili sifa zaidi ya aliyopewa. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1957 juu ya mila za ukoo, Monica Wilson alieleza kwamba wazee walitambua wazimu wa namna mbili: unaotoka kwa Mungu, na unaotokana na mila iliyorukwa. Dalili zilikuwa zilezile: mtu anavua nguo, anakula uchafu, hatenganishi tena kilicho safi na kisicho safi. Na msiba ndio uliokuwa mlango wa hatari. Kwa hiyo kwenye matanga wafiwa walifagiliwa taka mwilini makusudi, ili uchafu uwapate sasa, mbele ya watu wote, usije ukawarudia baadaye wakiwa peke yao. Mwanaanthropolojia Mary Douglas aliichukua habari hiyo mwaka 1966 katika kitabu chake juu ya usafi na hatari, na tangu hapo wanafunzi wa vyuo vya mbali wanasoma habari za taka za matanga ya Unyakyusa bila kujua Kyela iko wapi.

Ninachokiona mimi katika simulizi hiyo ni hiki: kila mfiwa alipitishwa karibu na wazimu, akiwa ameshikwa na ukoo wake pande zote. Hakuna aliyedai kwamba yeye hawezi kuupata. Mila ilifanyika kwa sababu kila mtu angeweza. Lakini mila hiyohiyo ilikuwa na ncha ya pili. Ukiugua, swali la kwanza lilikuwa, ni nini hakikufanyika, na nani alikiruka? Tena palikuwa na imani ya pumzi ya watu, kwamba majirani waliochukizwa na mtu wangeweza kumletea ubaridi na maradhi kwa kunung'unika kwao tu. Basi mgonjwa alikuwa tayari ameshahukumiwa kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Makanisa yamejaa, matambiko yamepungua, ila swali limebaki mahali pake. Limebadilisha nguo tu.

Siku hizi linavaa suti ya mkutano wa injili. Mgonjwa anapelekwa mbele, anawekewa mikono, mapepo yanakemewa mpaka sauti za wahubiri zinakauka, na kwa usiku ule mmoja watu mia wanamshughulikia mtu ambaye hakuna aliyemshughulikia mwaka mzima. Siwezi kulidharau hilo. Kuna wanawake ambao kanisani ndipo mahali pekee wanapoitwa dada. Tatizo huja wiki ya tatu, sauti zinaporudi. Aliyetangazwa kuwa amefunguliwa sasa anaambiwa hana imani, au ameficha dhambi, na ankara inarudishwa kwake.

Kuna mahali pamoja ambapo kichaa wa Kyela hafukuzwi, napo ni msibani. Usipofika msibani huku kwetu, anayekujua atakushangaa mpaka uzeeni, na msiba wa Kinyakyusa si jambo la saa mbili. Maturubai yanafungwa, daftari la rambirambi linafunguliwa, masufuria yanapandishwa, watu wanalala nje. Mchota maji wa stendi huwa wa kwanza kufika. Anachanja kuni, anakaa kwenye benchi na wanaume, anakula kwenye sinia moja nao, na sijawahi kuona mtu akimuinua. Monica Wilson alikipa kitabu chake cha mwaka 1951 jina linalotokana na thamani ambayo Wanyakyusa waliiweka kwenye ukwangala, raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula na kuzungumza. Pale msibani mtu huyu anarudishiwa ukwangala wake kwa siku tatu. Maturubai yakishushwa, anarudi kwenye sahani yake ya bati.

Nimejiuliza msiba una nini ambacho ugonjwa hauna, na jibu nililolipata ni fupi: msiba una siku. Una kuzika, una kuanua matanga, una arobaini. Homa nayo ina siku zake, mavuno yana siku zake. Sisi ni mabingwa wa kubeba mzigo wenye mwisho. Ugonjwa wa akili, walau ule mzito, hauna kuanua. Unapungua, unarudi, unatulia mwaka mzima, unarudi tena mvua za masika zinapoanza. Hapo ndipo jina linapofanya kazi ambayo maziko hufanya. Ukishasema "huyu ni kichaa", umemaliza. Wageni wanaweza kwenda makwao. Hakuna anayedaiwa kumtembelea mtu ambaye ameshaondoka, hata kama bado anapita barabarani na madumu mawili.

Hospitali ingeweza kutoa kitu tofauti, na mara nyingi inatoa, ila nayo imegeuzwa jina. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, na leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Watanzania wengi hawajawahi kuiona lakini wote wanaitumia kutukana: huyu ametoroka Mirembe, huyu faili lake liko Mirembe. Wakenya wana Mathari yao, Waganda wana Butabika, na ukivuka mto Songwe pale Kasumulu utakuta ndugu zetu wa Malawi wanataniana kwa Zomba. Kwa mtu wa Kyela, Mirembe iko zaidi ya kilomita 700. Hata Mzuzu, ng'ambo ya mpaka, ambako watawa wa Mtakatifu Yohane wa Mungu wanaendesha huduma ya wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1990, iko karibu zaidi. Lakini umbali ni nusu ya shida. Mtu akienda Mirembe akapata nafuu kamili, akarudi mnene, mtulivu, akijua majina ya watu wote, kijiji hakitasema amepona. Kitasema alikuwa Mirembe.

Halafu kuna dawa yenyewe, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sijawahi kuona ikielezwa vizuri kwa familia. Dawa za zamani ambazo bado ndizo tegemeo la hospitali zetu, haloperidoli, kloropromazini ambayo wazee wa wodini waliita Largactil, na sindano ya flufenazini ya kila mwezi, hutuliza sauti na hofu. Kwa baadhi ya watu hukaza pia misuli. Mgonjwa anatembea bila kuzungusha mikono, uso unakuwa kama umepigwa ganzi, mate yanamdondoka, mguu hautulii. Kuna dawa ya kupunguza hali hiyo, na kuna kupunguza dozi, kama yupo wa kumwona na kupanga upya. Kijijini hakuna anayejua kuwa huko kukakamaa kumetoka kwenye sindano. Wanachoona ni kwamba juzi alikuwa anapiga kelele, leo ni zezeta. Jina jipya limeletwa na tiba. Kijana mwenye miaka 24 anachagua: awe kichaa anayetembea vizuri, au awe zezeta mtulivu? Wengi huacha dawa, sauti zinarudi, na watu wanasema dawa za hospitali haziwezi ugonjwa huu.

Sheria haijasaidia sana kuondoa lebo, ingawa Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008. Katiba yenyewe, ibara ya 5, inaruhusu kuwekwa masharti ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na imeuweka ugonjwa huo kwenye orodha moja na kutiwa hatiani kwa makosa ya jinai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa inaweza kubatilishwa ikiwa mmoja wa wanandoa, wakati wa kufunga ndoa, alikuwa akipatwa na vipindi vya kujirudia vya wazimu au kifafa. Wazee wanaotuma mtu kuulizia ukoo hawajasoma sheria hiyo, lakini wangeisoma wangejiona wamo ndani yake.

Kifafa kinastahili kutajwa pembeni ya wazimu, maana huku kwetu vimelala kitanda kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa, akakuta wagonjwa wanakula peke yao na wanaachwa waungue motoni, kwa kuwa watu waliogopa mate yao. Baadaye watafiti walikuja kuona kwamba kifafa kingi cha Mahenge kinaandamana na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoletwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye kasi. Wilaya zetu, Rungwe, Ileje na Kyela, nazo zimo kwenye ukanda wa usubi. Mito inayoshuka kwa nguvu kutoka Rungwe na milima ya Livingstone inawafaa nzi hao, na ndiyo maana kwa miaka watu wamekuwa wakigawiwa vidonge vya Mectizan vijijini. Nawaza mama aliyezaa watoto wawili wenye kifafa miaka ya nyuma na kuambiwa kwamba ni laana ya kwao. Pengine ilikuwa nzi wa mtoni, na aliyepaswa kumlipa fidia hayupo.

Majaribio ya kuishi na wagonjwa badala ya kuwafungia yamewahi kufanyika barani mwetu. Nigeria, mwaka 1954, daktari Adeoye Lambo aliwapangishia wagonjwa wa hospitali ya Aro nyumba za wanakijiji, kila mgonjwa akiwa na ndugu yake, wakalima na kutibiwa hapohapo. Tanzania nayo ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, Hombolo kwa ajili ya Mirembe na Vikuruti kwa ajili ya Muhimbili. Kilichonivutia katika habari za vijiji hivyo ni jembe. Mtu aliyekuwa akilima alikuwa na cha kuuza, na mtu mwenye cha kuuza huitwa kwa jina lake, kwa sababu lazima mpatane bei.

Ndiyo maana siwaombi watu wa Kyela waache kusema kichaa. Wakiliacha, watapata jingine ndani ya wiki, na afisa wa semina akishaondoka, hata "mtu mwenye changamoto ya afya ya akili" litafupishwa na kuwa tusi. Naomba jambo la daftari. Makatibu wa vyama vya msingi wanamjua kila mwenye mikakao katika vijiji vyao, na wanajua nani anauza kwa niaba ya nani. Mauzo yaandikwe kwa jina la mwenye shamba, na yeye mwenyewe aitwe siku ya malipo, akae, aoneshwe karatasi, hata kama siku hiyo hasemi. Kaka aliyevuna na kuanika alipwe ujira wake waziwazi, kwa kuwa amefanya kazi, na nauli za kliniki zitoke kwenye kakao ileile. Na nyinyi mnaokula wali pale stendi, mwambieni mama ntilie wenu kwamba maji yale yana bei, kwa dumu, na mtu wa kulipwa amesimama mlangoni.